Remmy Ongala: Albamu Iliyosifiwa na Wasiosikia Maneno

Salamu kwa walio hapa Kigoma, Mwanga na Gungu, kwa Ujiji, Kibirizi na Katonga, na kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Kalemie, Uvira na Baraka, maana hewani hakuna forodha.

Jioni hii tuizungumzie albamu moja. Ilitoka Uingereza mwaka 1989, jina lake likaandikwa kwa Kiingereza, Songs for the Poor Man, na wenyewe ni Remmy Ongala na bendi ya Super Matimila. Huko ilikotoka ilipokewa kwa mikono miwili. Lakini ninavyoona mimi, wengi wa walioipokea walisikia nusu yake tu, na sisi tuliokuwa na masikio ya kuisikia nzima hatukukaa chini tukaitolea hukumu. Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonileta studio leo.

Kwanza tuone ilivyofika huko. Remmy aliingia Dar es Salaam mwaka 1978, alipoitwa na mjomba wake, Mzee Makassy, aje kupiga katika Orchestra Makassy. Kabla ya hapo alishapiga muziki Kongo, Uganda na Kenya. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki Dar, akaingia Matimila, na haikuchukua muda jina la bendi na jina lake vikawa havitajwi kimoja bila kingine. Kanda ya nyimbo zao ikabebwa na rafiki mpaka Uingereza, ikawafikia watu wa tamasha la WOMAD, lile lililoanza mwaka 1982 kwa juhudi za Peter Gabriel na wenzake. Gabriel ni mwanamuziki wa roki, aliyepata jina akiwa na bendi ya Genesis. Mwaka 1988 Super Matimila walikwenda Ulaya na tamasha hilo, na WOMAD wakatoa albamu yao ya Nalilia Mwana. Mwaka uliofuata Gabriel akafungua lebo yake, Real World, yenye studio katika kijiji cha Box, na Songs for the Poor Man ikawa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za lebo hiyo, pamoja na ya Tabu Ley wa Kongo na ya Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani.

Zingatia wakati wenyewe, msikilizaji. Mwezi Juni mwaka 1987, wenye lebo ndogondogo za kujitegemea walikutana London, kwenye baa iitwayo Empress of Russia. Tatizo lao lilikuwa la dukani. Mteja akiulizia santuri ya Mali, ya Bulgaria au ya Tanzania, mwenye duka hajui ameiweka wapi. Wakakubaliana kuziweka zote chini ya jina moja, muziki wa dunia, na kila duka liwe na rafu yake. Siwalaumu. Bila rafu ile, Remmy asingepata hata pa kusimama mbele ya mteja wa Kizungu. Ila rafu ile ilimzalia mhakiki kazi isiyowezekana. Mtu yuleyule, wiki hii anaandika juu ya kwaya ya Bulgaria, wiki ijayo kawali ya Pakistani, wiki ya tatu dansi la Dar es Salaam. Lugha zote hizo hana. Atafanya nini? Atasikiliza kile kisichohitaji mkalimani, yaani magitaa, ngoma, na ukali wa sauti ya mwimbaji. Kwa maneno, atategemea mistari michache ya maelezo iliyochapwa kwenye jalada.

Na magitaa yale, jamani, yanastahili kila sifa. Matimila hawakuwa watu wa kukimbizana. Solo linaanza peke yake, jembamba, kama vile limekuja kuuliza habari. Rithim linalijibu, gitaa la tatu linaingia katikati na kuwashonea wale wawili, na besi inatembea chini yao bila haraka. Saksafoni husubiri. Mwimbaji anaeleza shauri lake mpaka limalizike, na hapo ndipo chemko linapofunguliwa, wale wa ng'ambo wangesema sebene, na ukumbi wote unainuka. Mzungu wa mwaka 1989 aliyelisikia chemko lile alielewa kila kitu kinachoweza kueleweka kwa miguu. Sifa zake zilikuwa za kweli. Lakini alikuwa anasifu nusu ya pili ya wimbo.

Nusu ya kwanza ndiyo iliyomfanya Remmy awe Remmy. Wapenzi wa dansi wa enzi zile wanajua kwamba wimbo unapoanza, wengi walikaa. Walikaa wakisikiliza, kwa sababu mtu aliyeshika kipaza sauti alikuwa anawasomea maisha yao. Tazama majina ya nyimbo za Nalilia Mwana: Ndumila Kuwili, Mnyonge Hana Haki, Tembea Ujionee. Tazama ya albamu ya 1989: Kipenda Roho, Sauti ya Mnyonge. Mswahili akisikia kipenda roho, hasubiri mwimbaji amalizie, kichwani mwake nyama mbichi imeshaliwa. Mtunzi anaanza mahali ambapo msikilizaji wake tayari amefika nusu ya njia. Mhakiki wa London hakuwa na njia hiyo. Kwake yeye wimbo ulianzia sifuri.

Na ilikuwa nchi gani iliyokuwa ikiimbiwa? Ilikuwa Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilishatukausha, sukari na sabuni tulishazipangia foleni, na mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, milango ya biashara ikafunguliwa. Vitu vikarudi madukani, fedha ya kuvinunulia haikurudi kwa kila mtu. Katika nchi ya chama kimoja, mtu kusimama jukwaani na kusema mnyonge hana haki ni neno zito. Wimbo wa namna hiyo ukiupima kwa utamu wa gitaa tu, umeupunja.

Sasa tuje nyumbani, maana sipendi ionekane lawama zote ni za wageni. Sisi tuliipokeaje albamu hii?

Kwa kweli, kama albamu, wengi wetu hatukuipokea kabisa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja studio, na kanda ile ikabaki mali ya redio. Anayetaka santuri alikwenda Nairobi. Msikilizaji wa Kigoma alisubiri wimbo upigwe kwenye Klabu Raha Leo Show au katikati ya salamu, akatega redio yake ya betri, na mwenye uwezo akaunasa kwenye kaseti. Kisha kaseti ikazaa kaseti, na kila inavyozaliwa besi inafifia kidogo. Huku bara redio nyingine ya taifa haikuwepo, stesheni za binafsi zilianza mwaka 1994 na Radio One. Santuri ya Real World iliyouzwa kwa pauni haikuwa bidhaa ya soko la Mwanga. Nyimbo za mnyonge zilitoka zikiwa na bei isiyo ya mnyonge, na jina la jalada lisilo la lugha yake. Hili nalisema kwa uchungu.

Hukumu ilikuwepo, lakini ilikuwa ya ukumbini. Wimbo ukiwagusa watu, mtu anainuka mezani, anapanda jukwaani, anamtunza mwimbaji kwa noti anayoibandika kwenye paji la uso lenye jasho. Mwimbaji akiona hivyo anaurudia ubeti, anamtaja mtunzaji jina, anaongeza neno ambalo halikuwepo jana. Wimbo usipowagusa, watu wanabaki na bia zao. Huo ulikuwa uhakiki, tena mkali kuliko wa gazeti, kwa sababu ulitolewa mbele ya mwenye kazi na aliuona kwa macho yake. Kasoro yake ni kwamba haukuandikwa. Kijana wa chuo leo akitaka kujua watu walimwonaje Remmy, atakutana na yale yaliyoandikwa Ulaya. Ya Sinza, jijini Dar es Salaam, ambako mpaka leo kuna mahali panaitwa kwa Remmy, yamekwenda na wenyewe.

Utaniuliza, Kigoma inaingiaje hapa, Remmy hakuwa mtu wa Kigoma. Ni kweli. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, katika Maniema, kandokando ya mto Lualaba. Lakini Maniema na Ujiji ni ndugu wa siku nyingi, na udugu wenyewe haukuanza kwa furaha. Karne ya kumi na tisa, misafara ya pwani ilivuka ziwa kutoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe, akina Tippu Tip na wenzake, kutafuta pembe za ndovu na watu. Waliorudi nao walikuwa watumwa, wapagazi, askari, wake, na baadaye wafanyabiashara. Hao ndio Wamanyema, na Ujiji haielezeki bila wao. Misafara hiyohiyo ilikipeleka Kiswahili upande wa pili, kikaota mizizi Maniema, kikawa lugha ya mtoto aliyezaliwa Kindu miaka mingi baada ya misafara kukoma.

Kisha ukaja mvuke. Reli yetu ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata Wabelgiji wakaifikisha ya kwao Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Mzigo uliotoka Kindu ulisafiri hadi ziwani, ukavuka kwa meli, ukapakiwa tena Kigoma kwenda Dar es Salaam. Wabelgiji walipewa sehemu yao bandarini hapa kwa mkataba wa mwaka 1921. Kwa hiyo, msikilizaji, kati ya Kindu na Dar es Salaam, Kigoma ndiyo mlango. Kwenye albamu ile ya 1989 kuna wimbo uitwao Muziki Asili Yake Wapi. Swali hilo nikiletewa mimi, nitaanza kujibu kwa kuonyesha kidole magharibi, juu ya maji.

Ndiyo maana ninasema mwambao huu wa ziwa una haki ya kuihukumu albamu ile kuliko rafu ya London, na pengine hata kuliko Dar es Salaam. Mtu wa Dar akimsikia Remmy husikia Kiswahili chenye lafudhi ya Kongo. Sisi lafudhi ile tunaisikia sokoni kila siku kwa mama aliyekuja na mawese, na kwa nahodha aliyetia nanga Kibirizi asubuhi. Haitupotezei neno hata moja. Tunajua ni wapi anatania, ni wapi anaomboleza, na ni wapi mambo hayo mawili ameyaweka kwenye sentensi moja.

Basi nitoe hukumu yangu, nawe utatoa yako.

Songs for the Poor Man ni kazi kubwa, na sauti yake ndiyo safi kuliko zote ambazo Matimila waliwahi kurekodiwa. Kwenye kanda za Radio Tanzania magitaa matatu hubanana, lakini hapa kila gitaa lina chumba chake. Ukitaka kumfundisha kijana jinsi rithim inavyolibeba solo, mpe albamu hii. Lakini usafi ule umegharimu kitu. Remmy wa ukumbini alizungumza na watu. Aliwatania, aliwaonya, alijiita sura mbaya kabla mwingine hajamwita. Kule Box hakukuwa na mtu wa kujibu. Nasikia mwimbaji anayeimba vizuri sana kwa watu ambao hawapo. Nalilia Mwana, yenye vumbi zaidi, inanigusa mapema zaidi. Nikilazimishwa kuchagua moja ya kuiokoa kwenye moto, nitaokoa hiyo, kwa ajili ya Mnyonge Hana Haki peke yake.

Albamu ya pili ya Real World, Mambo, ilitoka mwaka 1992, na humo Remmy ameimba kiasi fulani kwa Kiingereza. Naelewa sababu. Alikuwa ameshawaona maelfu wakimchezea bila kujua anasema nini, na mtu mwenye neno hutaka lieleweke. Hata hivyo, mtunzi huyu mkali, akiingia Kiingereza, makali yanabaki mlangoni. Katika One World anasema mambo mema ambayo hakuna atakayeyapinga, na Remmy hakuwa mtu wa kusema yasiyopingika. Sikiliza Kidogo Kidogo kwenye albamu hiyohiyo, umsikie amerudi nyumbani.

Humo pia kuna wimbo uitwao Mrema. Mtanzania wa mwaka 1992 hakuhitaji maelezo. Augustine Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, yule wa kutoa siku saba, na jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mama aliyedhulumiwa. Miaka mitatu baadaye angegombea urais kwa NCCR-Mageuzi. Kwa Mzungu lilikuwa jina zuri la kuitikia. Kwetu lilikuwa siasa ya asubuhi ile ile. Wimbo mmoja, albamu moja, na watu wanaosikiliza vitu viwili tofauti kabisa.

Na wimbo wake uliotikisa kuliko zote haumo katika albamu hizo nilizozitaja. Mambo kwa Soksi, ule wa kuhimiza kondomu wakati ukimwi unatuzika vijana kwa vijana, Radio Tanzania haikuupiga. Watu waliusikia kumbini na kwenye kaseti. Wimbo ule uliwasemesha watu wazima jambo ambalo hawakuweza kulisema mbele ya watoto wao. Katika mji wa bandari kama wetu, wenye wasafiri, wavuvi na madereva, nani atasema haukuwa na kazi? Umuhimu wa msanii hauwezi kupimwa kwa albamu zilizopata lebo tu, kwa sababu wakati mwingine kazi yake kubwa kuliko zote ndiyo ile iliyokataliwa.

Remmy alimalizia miaka yake akiimba nyimbo za Injili, akafariki Desemba 2010. Kwa nini basi nayarudia haya leo?

Kwa sababu Kigoma ya leo imejaa muziki. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walikusanyika kuwa Kigoma All Stars, mwanasiasa Zitto Kabwe akiwa nyuma yao, wakaimba Leka Dutigite, na nchi nzima ikashangaa kuona nusu ya majina makubwa ya Bongo Fleva yana mizizi huku. Tangu hapo albamu zimetoka nyingi. Diamond alitoa A Boy from Tandale mwaka 2018, Ali Kiba akatoa Only One King mwaka 2021. Kila inapotoka moja, mazungumzo yetu ni yaleyale: imetazamwa mara ngapi, nani kampita nani, nani kamrushia nani kijembe. Sikumbuki kukaa na watu tukaulizana ubeti wa pili una maana gani. Wala si kwamba hatuna uwezo. Kaa kijiweni hapo Mwanga, Simba na Yanga zikimaliza kucheza mpira, usikilize vijana wanavyouchambua mchezo dakika kwa dakika, nani alikosea nafasi, kocha alichelewa wapi kubadilisha. Akili ile ile ikigeuziwa albamu, tutakuwa na wahakiki wengi kuliko magazeti ya Ulaya.

Tena kuna muziki ambao hata kuhesabiwa haujaanza. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu imekuwepo tangu mwaka 1996. Watoto wa Kongo waliozaliwa humo sasa ni watu wazima, wana kwaya, wana magitaa, wana rap zao, na wanaimba Kiswahili cha Fizi na Uvira kilichochanganyika na cha Kasulu. Siku moja mtu atatoka mbali na mashine nzuri ya kurekodi, atatoa albamu, itasifiwa kwa uzuri wa sauti, na jalada litaeleza mambo kwa mistari minne. Mimi nataka siku hiyo iwakute watu wa mwambao huu wameshaandika. Waseme wimbo huu ni mkubwa kwa sababu hii, huu ni mwepesi kwa sababu ile, huyu mtunzi amejifunza kwa yule. Waandike kwa Kiswahili, wakijua maneno.

Kwa hiyo tunaanza sisi, hapa hapa. Alhamisi ijayo, saa hii, tutaupiga wimbo mmoja tu wa Remmy, Sauti ya Mnyonge, mara mbili. Mara ya kwanza usicheze, sikiliza maneno. Mara ya pili fanya utakavyo. Baada ya hapo simu zitakuwa wazi, na sitapokea salamu wala maombi ya nyimbo. Nitakuuliza swali moja: ungekuwa ukumbini enzi zile, ungepanda kumtunza, na kwa mstari upi? Ukiwa unakwenda kuvua usiku huo, tuandikie kabla hujasukuma mtumbwi, tutasoma jibu lako hewani. Fundi mitambo wetu ameshaitafuta nakala safi.